Aliyeitikiwa Yupo

Sura ya Sita

Jumapili saa tatu asubuhi vijana wa kijiji walikuwa wanabomoa hema la harusi, na Inspekta Murti alikuwa amekaa katikati ya fujo hiyo akiwakataza wasiguse meza moja. Ilikuwa meza ya mapokezi, ile inayowekwa mlangoni. Juu yake palikuwa na kitambaa cha rangi ya dhahabu kilichomwagikiwa chai, na daftari la wageni lenye jalada jekundu. Lilikuwa wazi palepale alipolifungua jana jioni, mstari wa arobaini na mbili: Kinasih Rahayu, Malang.

Usingizi haukuwa umemgusa. Usiku kucha yeye, Sajini Pambudi na wanakijiji thelathini walipekua mfereji wa kumwagilia mpunga ulio nyuma ya hema, shamba la miwa na visima vitatu. Walichopata ni kiatu cha mtoto na mzoga wa mbuzi.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi kukisimulia. Walimu kumi na mmoja wa shule moja ya Malang walikodi basi dogo waje kwenye harusi ya mwenzao Danang, aliyekuwa anaoa huku kwa wakwe. Safari ndefu, sherehe saa sita mchana, na basi limeshakodiwa; basi wakafanya wanavyofanya watu wote wa ofisi wanaokwenda harusini mbali. Walipitia mahekalu ya kale kwanza. Kulipopambazuka walikuwa Prambanan, kisha wakapanda kilima cha Watugilang. Saa nne na nusu waliondoka huko, wakaja harusini, wakala, wakaimba. Saa kumi na moja jioni, wakiwa nyumba ya wageni wanafunga mizigo, simu ya Kinasih ililia ndani ya mfuko wa bango la shule. Mama yake alikuwa anapiga. Simu ilikuwepo, mwenyewe hakuwepo. Saa kumi na mbili kamili walikuwa mbele ya meza ya Murti kituoni.

Wote waliapa kwamba alipanda basi Watugilang, maana majina yaliitwa na yakaitikiwa. Daftari likasema alifika. Halafu mama mmoja wa jikoni akasema alimwona mwanamke mwenye batiki ya kijani akielekea mferejini. Wanawake saba wa msafara ule walikuwa wamevaa batiki ya kijani, sare ya shule. Lakini usiku ule Murti alilishika neno "mferejini" kama aliyepewa ufunguo.

"Bu, chai yako inapoa," alisema Pambudi; huko "Bu" ni mama na "Pak" ni bwana. Alikuwa mtu mnene mwenye matope hadi magotini.

"Niitie bwana harusi."

Danang alikuja amevaa fulana na sarungi kama kikoi kiunoni, wanja mweusi wa mapambo ya jana haujatoka vizuri. Anggit, mkewe wa tangu jana, aliweka sahani ya vitafunwa mezani, kisha hakuondoka. Alisimama nyuma ya nguzo ya hema akijifanya anakunja pazia.

"Pak Danang, jana ulishika mikono mingapi?" Murti aliuliza.

"Kama mia nne, Bu. Bega limekufa mpaka sasa."

"Wa Kinasih ulikuwa wa ngapi?"

Danang alitazama nguzo. "Haukuwemo."

"Jana ulisema hukumbuki," Pambudi akadakia.

"Jana baba mkwe alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe, afande."

Murti aligonga daftari kwa kidole. "Hapa pameandikwa amefika. Tangu lini mtu akaja harusini, akaandika jina, akachukua zawadi yake ya mlangoni, halafu asipande jukwaani kuwapa mkono maharusi? Nimezaliwa hapa, sijaliona hilo."

"Hata mimi. Ndiyo maana nilipowaona walimu wenzangu wanapanda niliwahesabu. Walikuwa kumi. Nikajua hakuja, nikamshukuru moyoni."

"Ukamshukuru kwa lipi?"

"Mwambie tu," alisema Anggit kutoka kwenye nguzo. "Mimi nilishajua tangu mwezi wa pili. Huyo inspekta si mama yangu, hatazimia."

Danang alijifuta uso kwa ukingo wa fulana. "Miaka minne mimi na Kinasih. Wazazi wangu wakaenda kwa mzee kupigiwa hesabu ya siku zetu za kuzaliwa, wakakuta haziendani. Wakarudia kwa mzee mwingine, ikawa vilevile. Wakasema nikimwoa, mmoja wetu atakufa mapema."

Vijana waliangusha bomba la chuma la hema, wakatukanana kwa sauti ya chini.

"Na wewe ukakubali," Murti alisema.

"Mimi ndiye mtoto wa mwisho, Bu. Mama aliacha kula."

Maharusi walipoondoka, Pambudi alisogeza kiti. "Huyo ndiye. Kamkuta nyuma ya hema, wamegombana kuhusu mambo yao ya zamani, kamsukuma mferejini."

"Saa ngapi, Pambudi? Tangu saa tano alikuwa jukwaani na kilemba, na jambia la mapambo mgongoni, na sarungi iliyofungwa kwa mikanda mitatu. Hata kukojoa alisindikizwa na wajomba wawili."

"Basi kamtuma mtu."

"Kula vitafunwa vyako."

Aliichukua simu ya Kinasih, ambayo mama mtu alitoa namba yake ya siri asubuhi ile, akilia. Zilikuwemo picha mia mbili na kumi na sita za safari. Prambanan yenye ukungu. Walimu wameshika bango mbele ya ngazi. Pak Yatno wa historia amenyoosha kidole kwenye michongo huku wenzake wanapiga miayo. Bu fulani ananunua kofia. Walimu wawili wenye uchumba wamesimama mbalimbali, maana inasemekana wachumba wakiingia pamoja Prambanan wataachana, na wote wanawacheka. Kisha Watugilang: lango la mawe, uwanja wa nyasi, bonde lote chini. Kinasih hakuonekana katika hata moja, hadi picha ya mwisho. Hiyo ilimwonyesha mwishoni mwa mstari, mwembamba, mkoba begani, anatabasamu kwa mdomo tu. Saa nne na dakika kumi na mbili.

Baada ya hapo hakuna kitu. Hakuna bibi harusi, hakuna jukwaa, hakuna chakula.

Murti alisimama kwa ghafla mpaka kiti kikaanguka. "Waite walimu wote. Na waje na mizigo yao."

Walikuja wakaketi kwenye viti vya plastiki ambavyo havijabebwa, watu kumi wenye nyuso za kuvimba. Pak Gunarto, makamu wa mkuu wa shule, alikaa mbele na karatasi yake ya majina mfukoni, kalamu imening'inia shingoni kwa kamba.

"Nani alikuwa mpiga picha wenu?"

"Bu Kinasih," walisema karibu wote. "Simu yake ndiyo inatoa picha nzuri."

"Jana niliwauliza kwa nini hayumo kwenye picha za harusi. Mkasema nini?"

"Kwamba yeye ndiye mpiga picha," alijibu Pak Gunarto. "Mpiga picha haonekani, Bu. Ni kawaida."

"Picha za harusini zilipigwa kwa simu ya nani?"

Pak Gunarto alipapasa mfuko wa suruali. "Yangu."

"Na ya Pak Yatno," alisema mmoja.

"Simu ya Kinasih ilifikaje kwenye mfuko wa bango?"

"Mimi niliiweka," alisema Pak Gunarto. "Pale Watugilang nilimwambia, Bu Kinasih, leo na wewe uonekane hata mara moja. Nikaichukua nikawapiga. Kisha tukakunja bango, nikaitia humo nisije nikaiangusha."

"Hakuja kuidai?"

"Hapana."

"Saa sita, saba, nane, harusi nzima, mpiga picha hakuja kuidai simu yake." Murti alisema hivyo bila kupaza sauti, na hasira yenyewe hakuielekeza kwa Pak Gunarto. Simu hiyo ilikuwa mkononi mwake tangu jana. "Mliitana vipi kwenye basi?"

"Kama darasani. Naita jina, mtu anaitikia, naweka alama."

"Unamtazama anayeitikia?"

"Natazama karatasi, Bu."

Pak Yatno alicheka kicheko kibaya cha mtu aliyechoka. "Mimi mwenyewe Prambanan nilikuwa chooni na niliitikiwa. Wakaniacha nakimbiza basi nimeshika suruali. Ndivyo tulivyo. Jumatatu kwenye gwaride la bendera nusu ya shule inaitikia kwa niaba ya nusu nyingine."

"Nani alimwitikia Kinasih Watugilang?"

Kila mmoja alikumbuka kusikia "Yupo!" kutoka viti vya nyuma, hakuna aliyegeuka. Walikuwa wameamka saa saba za usiku na pazia za basi zilikuwa zimefungwa.

Murti alipita katikati ya viti. Kila mwalimu alikuwa na mfuko wake wa safari, na juu ya mfuko au mapajani, kikombe kidogo cha udongo kilichofungwa kwa wavu mweupe na utepe, majina ya maharusi ubavuni. Zawadi ya mlangoni. Alifika kiti cha mwisho, alipokaa Bu Tutik wa somo la upishi, mwanamke mfupi wa miaka arobaini aliyekuwa ameukumbatia mkoba wake. Bu Tutik alisogeza miguu ampishe, na mkoba ukagonga kidogo, udongo kwa udongo.

Murti alisimama. "Bu Tutik, nionyeshe vikombe."

"Kikombe, Bu."

"Vikombe."

Bu Tutik alifungua zipu polepole. Viwili, wavu mweupe, utepe mwekundu. Binamu wa Anggit aliyekaa meza ya mapokezi jana alikuwa anapita na rundo la sahani, Murti alimwita.

"Mwanangu, mlitoa vikombe vingapi kwa kila mgeni?"

"Jina moja kikombe kimoja, Bu. Vilikuwa mia nne kamili. Mama alisema nikikosea atanichinja."

Murti hakuhitaji hata kurudi mezani kulinganisha mistari, ila alirudi. Wa arobaini na moja, Tutik Handayani, Malang. Wa arobaini na mbili, Kinasih Rahayu, Malang. Mkono mmoja, wino mmoja, hata ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho. Mtu asiyeweza kufika harusini humpa mwenzake bahasha yenye pesa ya maharusi, na mwenzake humwandikia jina. Nani asiyejua? Mwezi huu wa harusi Murti mwenyewe alikuwa amepeleka bahasha tatu kwa mkono wa jirani yake, na kwenye madaftari matatu ya wageni alikuwa amehudhuria na kula. Alijua. Ila jana hakukumbuka kulijua, kwa kuwa watu kumi walikuwa wameapa, na kwa kuwa alitaka sana pawe na mahali pa kuanzia.

Alirudi akavuta kiti, wakakaa magoti kwa magoti.

"Yuko wapi?"

"Amerudi nyumbani," Bu Tutik alisema. "Yupo salama, Bu. Aliniapisha nisiseme."

"Nyumbani hayupo. Mama yake nimeongea naye saa moja asubuhi."

"Basi kwa shangazi yake huko Solo. Au amekaa hoteli, analia zake atulie. Mngemwacha tu. Kesho angetokea kazini." Sauti yake ilikuwa inapanda. "Asingekuja safari hii wangemsema, akija ingebidi ampe Danang mkono mbele ya watu mia nne, ampe na mkewe, ale wali wao. Kule kilimani akanipa bahasha. Akasema, Tik, mimi nateremka kwa ngazi za nyuma, kuna bodaboda kule, nawahi treni ya saa sita na nusu. Ukisikia jina langu niitikie, wasianze kunitafuta wakaniaibisha. Nikamwitikia. Ungekuwa wewe usingemwitikia?"

"Na simu ilipopatikana?"

"Nilidhani ameiacha makusudi asisumbuliwe."

"Na usiku, tulipokuwa tunapiga mbizi mferejini?"

Bu Tutik aliukaza mkoba kifuani. "Usiku nilikuwa nimeshachelewa kusema, Bu. Kila saa ilivyopita nilikuwa nimechelewa zaidi."

Pambudi alikuwa ameshapiga simu stesheni. Tiketi za treni huandikwa jina la kitambulisho, kwa hiyo haikuchukua muda. Alirudi anatikisa kichwa kabla hajafika. "Hakuna Kinasih Rahayu. Saa sita na nusu, saa tisa, wala za usiku."

Murti alikuwa tayari anaelekea garini.

Toka kijijini hadi Watugilang ni dakika kumi na mbili kwa gari. Njiani Pambudi alisema huenda amejikwaa tu, huenda kalala kwa mtu, watu wa kilimani ni wakarimu. Murti alikuwa anahesabu saa kwa vidole juu ya goti lake, na kila alipofika mwisho alianza upya.

Mlinzi wa hekalu, Pak Wagiyo, alikuwa mzee mkavu mwenye ufagio. Aliwaongoza kwenye ngazi za nyuma huku akijitetea kabla ya kulaumiwa.

"Zimefungwa tangu mwezi jana, Bu. Mafundi wanapanga mawe upya. Nimefunga utepe, nimeweka na kibao. Wageni hawapiti huku."

"Mafundi walikuwepo jana?"

"Jumamosi hawaji. Nao walialikwa harusini."

Utepe ulikuwepo, umekazwa vizuri. Mtu mwembamba angeinama akapita bila kuugusa. Nyuma yake njia ilipinda kwenye kona ya ukuta wa kale, na kabla ya ngazi kulikuwa na birika la kuogea la enzi za wafalme, limekauka, kina chake mara mbili na nusu ya urefu wa mtu. Mafundi walikuwa wamelifunika kwa mabati mvua isijaze. Bati moja lilikuwa limekunjika katikati na kuingia ndani.

"Hili jana asubuhi lilikuwa zima?" Murti aliuliza.

"Sijui, Bu. Huku sikufika."

"Hukusikia mtu akiita?"

Pak Wagiyo alinyoosha ufagio bondeni. Chini kabisa, kati ya mashamba ya mpunga, lilionekana hema lililobomolewa nusu, na kando yake spika nne kubwa kama makabati, zimeelekezwa kilimani. "Ungesikia nini? Toka asubuhi mpaka saa kumi jioni zilikuwa zinaimba. Kuna wakati nilisikia mwanamke, nikasema mwimbaji wao leo ana sauti kali." Aliushusha ufagio. "Saa kumi na moja nikafunga lango nikaenda zangu."

Pambudi aliondoa mabati, wakatazama.

Alikuwa ameegemea pembe ya birika, miguu mbele. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kipande cha batiki ya kijani kilichochanwa kwa meno, na kando yake vipande viwili vya mbao, kazi safi, ya mtu aliyefikiri. Mawe madogo yalikuwa yamepangwa chini ya ukuta kama ngazi ya hatua tatu. Hatua ya nne ilikuwa imeporomoka. Kiatu kimoja walikuwa wamekikuta juu ya mabati, alikirusha ili kionekane, kikatua upande ambao hakuna anayepita.

Pambudi aliteremka kwa kamba. Alimgusa shingoni, akamgusa tena mkononi, akatazama juu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakujaribu kuyaficha.

"Amekakamaa, Bu. Ila si sana."

Daktari wa kituo cha afya alipanda saa tano na nusu, akahema, akateremshwa, akakaa na maiti robo saa. Paja lilikuwa limevunjika na damu imevujia ndani. Kufa kwake hakukuwa kwa haraka. "Ukinilazimisha nitasema alfajiri," alisema. "Angefikishwa hospitali jana usiku, hata usiku wa manane, tungekuwa tunazungumza habari nyingine."

"Andika hivyo."

"Niandike hilo la mwisho?"

"Hilo hasa."

Kisha Murti mwenyewe akashuka, na goti lake bovu, kwa kuwa Pambudi alikuwa amemwambia kuna maandishi. Kwenye jiwe lililo karibu na bega la Kinasih, kwa ncha ya kibanio cha nywele, yalikwaruzwa maneno "saa tano", na mbele yake mistari ya wima, iliyofungwa mitano mitano jinsi mwalimu anavyohesabu kura za kiranja. Saa ya mkononi mwake ilikuwa bado inatembea. Kinasih alikuwa mwalimu wa hisabati. Alikuwa ameweka mstari kwa kila saa.

Murti aliihesabu kwa kidole bila kuigusa. Mistari kumi na tisa. Wa kwanza saa tano ya asubuhi ya Jumamosi. Wa mwisho, mfupi, uliopinda, saa kumi na moja ya alfajiri ya leo. Akarudi kwenye ule wa nane. Saa kumi na mbili jioni. Wakati Kinasih anaukwaruza huo, watu kumi walikuwa wamesimama mbele ya meza yake kituoni, naye anauliza, mara ya mwisho alionekana wapi.

Murti alipotolewa juu na kusimama kwenye ukingo, aliona bonde zima. Aliuona mfereji. Aliona majani yaliyolala pale walipokanyaga usiku na tochi zao, ukanda mrefu wa watu thelathini waliokuwa wanakwenda mbali na kilima hiki kwa amri yake. Kisha akamwambia Pambudi apige picha jiwe lile kutoka pande tatu na aweke rula pembeni.

Basi dogo lilikuwa limeegeshwa chini, kwenye uwanja wa magari ya watalii. Walimu walisimama mstari mmoja kwenye kivuli chake bila kupangwa na mtu. Machela ilipopita, Pak Gunarto alivua kofia. Pak Yatno aligeuka akaweka paji la uso kwenye bati la basi lililochomwa na jua, akaliacha hapo.

Bu Tutik hakusogea. Alingoja hadi Murti alipomfikia.

"Alikufa palepale alipoanguka?" aliuliza. "Bu, niambie. Nilipomwitikia, alikuwa ameshakufa?"

"Palepale, dada," Pambudi alisema haraka kutoka nyuma. "Hakujua hata kilichompata."

Ilikuwa huruma, na kila mtu uwanjani pale aliitaka. Murti alimtazama sajini wake, akamtazama mwanamke yule aliyeshika mkoba kwa mikono miwili. Ingekuwa rahisi sana kunyamaza. Lakini taarifa ya daktari itasomwa mahakamani, na mama yake Kinasih atakuwepo, na zaidi ya hayo Murti alikuwa amechoshwa na watu kusemeana mema.

"Si kweli," alisema. "Sajini anakusaidia kama wewe ulivyomsaidia mwenzako. Ulipomwitikia nadhani alikuwa bado njiani, mzima. Alianguka kabla ya saa tano. Akafunga mguu wake. Akaita. Akapanga mawe. Kila saa aliweka mstari, ipo mistari kumi na tisa."

Bu Tutik alianza kuhesabu kwa vidole juu ya mkoba.

"Saba ya kwanza ni yako peke yako. Kumi na miwili iliyobaki ni yetu sisi wawili, maana kuanzia wa nane mimi nilikuwa na daftari mkononi na nikaliamini. Nitaandika hivyo kwenye taarifa yangu, yako na yangu. Sitakuongezea na sitajipunguzia."

Mwanamke alikaa chini, juu ya lami, na sketi yake ya safari. Wenzake walisogea kumwinua, akawasukuma. Hakulia kwa sauti. Alivuta zipu ya mkoba akatoa kikombe kimoja chenye wavu mweupe, akakinyoosha juu.

"Hiki ni chake."

Murti alikipokea. Alitoa bahasha ya ushahidi, akakiingiza, akaijaza fomu juu ya goti: kitu, mahali, saa. Kisha akamteremshia ubao na kalamu, kidole kikionyesha mstari wa chini, wa aliyekabidhi.

Bu Tutik aliishika kalamu. Aliutazama ule mstari mtupu kama mtu asiyejua kusoma.

"Niandike jina la nani?" aliuliza.

"Lako," Murti alisema. "Leo andika lako tu."